Barua kwa Mwanangu: Asili ya Neno "Maverick"

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako, na nimefurahi kusikia kwamba umeizoea kazi huko Houston. Umeniuliza kama neno "maverick", alilokuita msimamizi wako mbele ya wenzako, ni sifa au ni tusi. Kwa matumizi ya leo mara nyingi ni sifa ya mtu asiyefuata kundi, ingawa neno lenyewe halikuanza na heshima yoyote.

Lilikuwa jina la ukoo. Samuel Maverick alikuwa mwanasheria wa San Antonio, mmoja wa waliotia saini tamko la uhuru wa Texas mwaka 1836, na alichokipenda ni ardhi, si mifugo. Mwaka 1847 mdaiwa wake alimlipa kwa ng'ombe wapatao 400, naye akawaacha kwenye rasi ya Matagorda chini ya uangalizi wa familia ya watu weusi waliokuwa watumwa wake. Kwa kuwa malisho hayakuwa na uzio, ng'ombe alitambulikana kwa chapa iliyochomwa kwenye ngozi kwa chuma cha moto. Ndama wa Maverick walikua bila chapa, wakazurura, hata majirani wakimwona ndama asiye na alama wakawa wanasema ni wa Maverick. Wapo wanaodai kwamba alifanya hivyo kwa ujanja, ili kila ndama asiye na chapa ahesabiwe kuwa wake; mimi siyaamini hayo, kwa sababu mwaka 1856 aliliuza kundi lote. Wengine huwalaumu walinzi wale kwa uzembe, na hilo huniudhi zaidi, kwani sioni kwa nini mtu aliyenyimwa kujimiliki mwenyewe alaumiwe kwa kutoilinda mali ya bwana wake.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, ng'ombe wasio na chapa walijaa Texas, na aliyekuwa wa kwanza kuwatia chapa ndiye aliyekuwa mwenyewe. Huko Wyoming, sheria ya mwaka 1884 iliwakabidhi ndama hao kwa chama cha wafugaji wakubwa, wafugaji wadogo wakaona wamedhulumiwa, na uhasama huo ulichangia umwagaji damu wa mwaka 1892 katika wilaya ya Johnson. Wakati huo neno lilikuwa limekwisha kuwahamia wanasiasa wasiofuata chama.

Kwa hiyo, ulipokataa kuidhinisha mchoro ambao wenzako wote walikuwa wameupitisha, na msimamizi wako akakuita hivyo, alimaanisha kwamba huna chapa ya kundi. Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako