Kumtazama Tai Mla-Samaki Bila Kumrushia Samaki

Mara ya kwanza nilipomwona kwa karibu tai mla-samaki, ambaye wengine humwita furukombe, nilikuwa nimemlipia. Nahodha wa boti tuliyoikodi katika Ziwa Naivasha alitoa tilapia mdogo kwenye ndoo, akampenyezea kijiti cha funjo mdomoni ili aelee, akapiga mluzi na kumtupa majini. Tai alishuka kutoka kwenye mgunga, akamnyakua, nami nikapata picha ambayo kila mgeni aliyepita hapo wiki hiyo alirudi nayo nyumbani. Nimekwenda mara nyingi tangu siku hiyo, na ninamshauri yeyote anayepanga safari akatae samaki huyo wa kurushwa: kijiti si chakula cha ndege, na tamasha lile la nusu dakika halikuonyeshi hata kidogo jinsi tai anavyoishi.

Maisha yake kwa kweli ni ya kukaa. Sehemu kubwa ya mchana huwa ametulia tawini juu ya maji, kwa hiyo mwombe nahodha afike mapema, kabla ya saa moja asubuhi, kisha azime injini. Utawasikia kabla ya kuwaona, dume na jike wakiitikiana huku wamerudisha vichwa nyuma. Jike ndiye mkubwa, mwenye uzito unaozidi kilo 3, ilhali dume huwa na kilo 2 na kitu. Ukimwona mwenye michirizi ya kahawia asiye na kichwa cheupe, usidhani ni ndege mwingine, kwani kijana huchukua miaka minne au mitano kupata rangi za wazazi.

Anapotaka kuwinda huinama, hukaza macho, kisha huteleza chini na kunyoosha miguu mbele dakika ya mwisho. Nyayo zake zina vinundu vikali vinavyomzuia samaki kuponyoka. Asubuhi moja nilimwona akimkamata kambare aliyemzidi nguvu. Alishindwa kupaa naye, lakini badala ya kumwachia, alitandaza mbawa juu ya maji na kupiga makasia nazo hadi kwenye mafunjo, akafika akiwa amelowa na kuchoka. Siku nyingine huwapora korongo samaki wao bila haya, na huko Naivasha hula hata kukuziwa.

Kwenye kiota usisogee. Kwa kawaida jike hutaga mayai mawili, yanayoatamiwa kwa takriban wiki sita, na makinda hukaa kiotani siku 70 hivi kabla ya kuruka. Mzazi akifukuzwa na boti, mayai hubaki juani. Kiota chenyewe, lundo la vijiti linaloongezwa mwaka hadi mwaka, huhitaji mti mkubwa, na migunga mingi ya ufukweni ilikufa maji yalipopanda kuanzia mwaka 2020.

Kwa kuwa tai huyu hahesabiwi miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani, watu huona kwamba hana shida. Mimi naona shida yake majini: yeye huwinda kwa macho, na maji yanapochafuliwa na udongo unaoshuka kutoka mashambani, na kuvurugwa na samaki aina ya kapu wanaochimbua tope, samaki waliomo hawamsaidii. Ukikuta mshipi au wavu wa nailoni umetupwa ufukweni, uchukue, kwa maana kinda hunasa humo kwa urahisi.

Limebaki suala la fedha, ambalo wageni hulisahau. Nahodha anayenyimwa biashara ya samaki hupoteza kipato halali, kwa hiyo mimi humlipa bei ileile ya samaki ili azime injini na kusubiri nami. Yule ninayesafiri naye sasa hunionyesha kiota kipya kabla sijamuuliza, na boti huisimamisha mbali.