Daftari la baba na sumu za shambani

Baba ni mtu wa kuandika. Kila alipotoka kupulizia dawa alinawa mikono, akakaa, akaandika kwenye daftari lake: tarehe, jina la dawa, kipande cha shamba, idadi ya mabomba. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku tuliyoambiwa ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoufanya mwili utetemeke na kukakamaa, nililifungua daftari hilo nikitafuta majina ya dawa, lakini kilichonishtua ni mwandiko. Kurasa za mwanzo herufi ni kubwa, zimejaa mstari. Kadiri unavyofunua zinasinyaa, na mwisho wa kila mstari zinabanana mpaka uinamie karatasi ndipo usome. Mwandiko ulianza kupungua miaka minne kabla mkono wake haujatetemeka. Daftari lilikuwa mezani muda wote huo, na hakuna aliyeliona hilo.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wengi hungoja kutetemeka, na kutetemeka huchelewa. Kabla yake pua inaweza kupoteza harufu, choo kikawa kigumu, mtu akapiga mateke na kelele usingizini, sauti ikafifia, au mkono mmoja ukaacha kuyumba anapotembea. Baba alikakamaa bega, likatibiwa miaka miwili kama baridi yabisi. Tetemeko lenyewe kwa kawaida huanza upande mmoja, na huonekana zaidi mkono ukiwa umetulia mapajani kuliko anaposhika kitu.

Usichanganye hayo na sumu iliyomwingia mtu leo. Mate yakimtoka hovyo, jasho jingi, mboni za macho zimekuwa ndogo, misuli inachezacheza na pumzi inakuwa nzito, hiyo ni dharura. Mvue nguo zilizolowa, huku na wewe ukijikinga mikono, mwoshe, mkimbize hospitali, na ubebe kibandiko cha dawa.

Sasa, sumu na Parkinson vinahusianaje? Mwaka 1982 huko California, Marekani, vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa vibaya waliganda ghafla, hawawezi kusogea wala kuongea, mfano wa wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake waligundua kuwa dawa ile ilikuwa na kemikali iitwayo MPTP, ambayo ikifika kwenye ubongo hugeuka kitu kinachoua seli zinazotengeneza dopamini, ile kemikali inayousaidia mwili kujongea vizuri. Kitu hicho kwa umbo kinafanana sana na paraquat, dawa ya kuua magugu. Mwaka 2011 ukatoka utafiti wa Marekani uliohusu watu wanaopulizia dawa mashambani: waliowahi kutumia paraquat au rotenone, dawa ya kuua wadudu, walikuwa na Parkinson karibu mara 2.5 kuliko wasiozitumia. Na rotenone hutoka kwenye mizizi ya mimea! Ukiambiwa dawa fulani ni ya asili, usivue glavu kwa sababu hiyo.

Umoja wa Ulaya uliacha kuruhusu paraquat mwaka 2007. Ufaransa mwaka 2012 iliiingiza Parkinson kwenye orodha ya magonjwa ya kazi ya wakulima wanaotumia viuatilifu. Hata hivyo siwezi kuapa kwamba dawa ndizo zilizomuumiza baba. Wapo waliopulizia maisha yao yote wakazeeka salama, na wapo wagonjwa ambao hawajawahi kushika bomba. Umri una sehemu yake, na maumbile ya kurithi pia. Hatari kuongezeka kunatosha kunifanya nibadili namna ya kufanya kazi.

Nikikumbuka siku zile, naona shati la baba limelowa mgongoni. Bomba lilikuwa linavuja kwenye kifuniko, naye akisema ni maji tu. Mpuliziaji hupata sehemu kubwa ya sumu kupitia ngozi, kwa hiyo bomba linalovuja lisipande mgongoni hata kama kazi imebaki kidogo. Nozeli, ile ncha inayorusha dawa, ikiziba, isafishe kwa maji na brashi laini, kamwe usiipulize kwa mdomo. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa dawa. Tumia ile yenye kichujio kilichotajwa kwenye kibandiko. Wakati wa kuchanganya ndipo unaposhika dawa ikiwa kali kabisa, na ndipo watu wengi huwa mikono mitupu.

Jambo jingine: hakuna daktari aliyemuuliza baba kazi yake. Ni mimi niliyepeleka daftari. Kama umefanya kazi hii, andika hata leo, kwa kukumbuka: dawa gani, miaka mingapi, mara ngapi kwa msimu, ulivaa nini, siku gani ulimwagikiwa. Karatasi hiyo haitathibitisha ugonjwa, maana Parkinson hutambuliwa kwa dalili na uchunguzi wa daktari, lakini itamwonyesha jambo ambalo pengine asingeliuliza.

Baba sasa anatumia levodopa, dawa ya Parkinson. Haiponyi ugonjwa, ila inamrudishia mwili kwa saa kadhaa, na tumejifunza kutochelewesha kidonge hata kidogo. Hairuhusiwi pia kuikatisha ghafla bila daktari. Anatembea kila asubuhi, na mazoezi nayaona yanamsaidia.

Kwenye daftari lile nimeongeza ukurasa wa mama. Yeye hakuwahi kubeba bomba, ila ndiye aliyefua yale mashati, kwa mikono mitupu, kwenye beseni moja na nguo zetu. Juma lililopita nilimuuliza kama bado anasikia harufu ya sabuni. Alinyamaza kidogo, akasema hana hakika. Tumeshaomba nafasi kwa daktari, na ukurasa huo nitaubeba.