Rangi ya Unyoya Huu Imekwenda Wapi?

SWALI: Mhariri, salamu. Nyuma ya nyumba yetu pana migomba, na kila asubuhi ndege aitwaye chozi huja kunyonya maua yake. Niliokota unyoya wa dume: juani ni wa kijani, nikiugeuza huwa wa zambarau, na kivulini ni mweusi. Mwanangu aliusaga kwa jiwe ili aipate rangi hiyo, akabaki na unga wa kahawia. Rangi imekwenda wapi, na ndege aliipataje?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao amefanya jaribio zuri sana, kwa kuwa unga ule ndio rangi pekee iliyokuwamo, yaani melanini, ileile inayotia weusi nywele zetu na manyoya ya kunguru. Kijani na zambarau zilitokana na jinsi chembe za melanini zilivyopangwa kwa matabaka ndani ya keratini, protini ya kucha, katika vinyuzi vidogo kabisa vya unyoya. Nuru inapogonga matabaka hayo, sehemu yake huakisiwa juu na sehemu chini, na miale inayorudi huongezana nguvu au hufutana, kutegemea unene wa matabaka na pembe unayotazamia. Mafuta ya dizeli yaliyotanda juu ya maji pale kivukoni Likoni hung'aa kwa njia hiyohiyo. Jiwe lilivunja mpangilio, likaiacha melanini.

Kwa hiyo ndege hawakuhitaji kuunda rangi mpya. Ilitosha chembe walizokuwa nazo zibadilike umbo na mpangilio, kizazi baada ya kizazi. Utafiti kuhusu ndege waitwao kuzi wa Afrika uliochapishwa mwaka 2013 ulinivutia mno: kutokana na chembe za asili zenye umbo la kijiti kilichojaa, zilizuka chembe bapa, chembe zenye uwazi ndani, na nyingine zenye sifa zote mbili, na nasaba za kuzi zilizozipata zilibadilika rangi kwa kasi zaidi kuliko zilizobaki na vijiti. Mng'ao wenyewe ni wa kale: dinosaria mdogo wa China aitwaye Caihong, jina lenye maana ya upinde wa mvua, aliyeishi miaka milioni 161 hivi iliyopita, alikuwa na chembe bapa zinazofanana na hizo.

Kuhusu sababu, madume ya chozi hung'aa ilhali majike mengi yamefifia, hivyo uchaguzi wa mwenzi hauna budi kuhusika. Hata hivyo, kwa kuzi wengi dume na jike hung'aa sawa, na ndiyo maana siridhiki na maelezo kwamba urembo huu ni wa kumvutia jike tu.

Mwanao na achukue unyoya wa shingo ya njiwa, augeuzegeuze juani kabla ya kuusaga. Ataona kijani na zambarau zikipokezana.