Yungiyungi Linalonuka Saumu, na Lile Lililonilaza

Juzi dada mmoja wa Likoni ameniandikia: "Nasikia kuna yungiyungi majani yake yaliwa. Ninayo tele uani, nichume?" Nikamjibu papo hapo: usichume kitu, dadangu, mpaka nikwambie yaliyonipata.

Nami nilikuwa na hamu hiyo hiyo mliyo nayo nyote, ya kuwa na ua barazani ambalo pia litaingia chunguni. Muuza miche wa kando ya barabara akaniuzia mche, akiapa kuwa ndio wenyewe. Ukanawiri. Nikakatakata majani nikatia kwenye kachumbari, bila hata kuyanusa. Usiku ule nilitapika mpaka adhana ya alfajiri, mume wangu kasimama mlangoni na tochi ya simu. Ulipochanua ndipo nikajua: yale maua meupe yenye vidole virefu, yaliyojaa nyua za Mombasa. Yana sumu iitwayo likorini. Nilimrudia muuzaji, akanicheka. Mpaka leo nikipita pale moyo hunichoma.

Yungiyungi lenyewe liliwalo ni Tulbaghia violacea. Kwao ni Afrika Kusini, Eastern Cape na KwaZulu-Natal, na Wazulu hula majani yake. Jani ni jembamba, la kijani kilichofifia. Liminye kwa kidole gumba na shahada: harufu utadhani umetwanga saumu sasa hivi. Maua ni ya zambarau hafifu, madogo kama nyota, yamejikusanya juu ya bua moja. Jani lisilonuka saumu, usilitie mdomoni.

Langu liko kwangu Tudor, hapa kisiwani Mombasa, kwenye ndoo ya rangi: mchanga na mboji, jua la kutosha. Ndoo itobolewe chini. Masika ya kwanza sikutoboa, miche miwili ikaoza. Ijumaa iliyopita nilinyunyiza majani sita juu ya samaki wa kupaka. Mama mkwe, asiyesifu ovyo, akauliza saumu hii nimeitoa wapi. Nikampeleka mpaka kwenye ndoo akaione!

Jamani, tuache kula kwa kiapo cha muuzaji. Nusa kwanza, nusa tena. Na ule mmea utambaao vichakani, wenye maua mekundu na manjano kama ndimi za moto, usiule kabisa: una sumu iitwayo kolichisini, na kolichisini huua.

Dada wa Likoni, hayo ya uani yaache yawe pambo. Vuka feri Jumamosi, nina vichipukizi vitatu, kimoja ni chako.