Hereni za shaba na matumbawe

Dada, umeuliza kwa nini hereni zako za shaba zenye umbo la jani la mwarobaini zinaacha kijani masikioni mwa wateja, na kama uongeze matumbawe unayouziwa soko la samaki la Feri.

Kijani kisikutishe. Shaba ikikutana na jasho hutoa chumvi za rangi hiyo, na kwa joto la Dar, Februari hasa, nani hatoki jasho? Jani liache la shaba, ndilo linalopendeza. Badilisha kulabu tu: mwambie sonara akuwekee za fedha ya 925, yaani fedha 92.5%, iliyobaki kwa kawaida ni shaba. Kulabu za bei chee zinaweza kuwa na nikeli, nayo huwasha masikio ya baadhi ya watu vibaya sana.

Matumbawe achana nayo kabisa. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo mtalii aliyenunua kwako soko la vinyago la Mwenge anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege, na jina lako ndilo litakalosemwa. Ukitaka sura ya bahari, chonga umbo la tumbawe kwenye kifuu cha nazi. Kisugue kwa msasa laini, pakaza mafuta, king'ae. Vifuu vyenyewe wauza nazi wanavitupa.