Kisafisha hewa kipi kinafaa nyumba yako? Maswali na majibu

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kati ya mashine zote zinazouzwa kama visafisha hewa, ipi ni bora? Swali hilo halijibiki kabla ya kujua kilichomo hewani, kwa kuwa vumbi, moshi, harufu, vijidudu na gesi ya sumu ni vitu mbalimbali, na hakuna teknolojia inayoviondoa vyote. Tumeyapanga maswali kwa msingi huo.

Dukani nimeonyeshwa mashine tatu: moja ina chujio la HEPA, ya pili ni ya ioni, na ya tatu ina taa ya urujuanimno. Ile ya ioni ni ya bei nafuu na muuzaji anasema haina chujio la kubadilisha. Nichukue ipi? (Mama wa watoto wawili, Milimani, Kisumu)

Dada, ikiwa kinachokusumbua ni vumbi na moshi, chukua ya HEPA, yaani yenye chujio la nyuzi zilizosongamana linalonasa chembe ndogo sana. Chujio hili lilitengenezwa nchini Marekani katika miaka ya 1940, wakati wa mradi wa bomu la atomiki, ili kunasa chembe zenye mnururisho, na kwa kipimo cha nchi hiyo ni lazima linase angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa mikromita 0.3 (mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Watu wengi hudhani kwamba chembe ndogo kuliko hizo hupenya kwa urahisi zaidi. Sivyo, kwa sababu HEPA halifanyi kazi kwa matundu pekee: chembe ndogo mno husukumwa huku na huko na molekuli za hewa hadi zikagonga nyuzi za chujio na kunasa. Zile za mikromita 0.3 ndizo ngumu zaidi kukamata, na ndiyo maana zikachaguliwa kuwa kipimo.

Mashine ya ioni huzipa chembe chaji ya umeme, nazo hushikamana na kuta, mapazia na makochi. Vumbi halijatoka nyumbani. Limehama tu, na ufagio wa asubuhi utalirudisha hewani. Kibaya zaidi, baadhi ya mashine hizi hutoa ozoni, gesi inayowasha koo na mapafu na inayoweza kuchochea pumu. Jimbo la California haliruhusu kuuzwa kwa visafisha hewa vya nyumbani vinavyotoa ozoni inayozidi sehemu 0.050 kwa kila sehemu milioni za hewa. Zipo pia mashine zinazotengenezwa makusudi kutoa ozoni, na hizo nakushauri uzikatae hata ukipewa bure. Ile harufu kali inayosifiwa kuwa ya hewa safi baada ya radi ndiyo sumu yenyewe.

Taa ya urujuanimno huua vijidudu, na hospitali huitumia hivyo, lakini huko hufungwa juu karibu na dari, ikiwa na nguvu ya kutosha na hewa ikizungushwa mbele yake kwa muda mrefu. Ndani ya mashine ndogo ya nyumbani hewa hupita mbele ya taa kwa sekunde chache tu. Vumbi na moshi haviguswi kabisa. Ukikuta taa hiyo imeongezwa kwenye mashine ya HEPA, usiilipie zaidi.

Kuhusu bei, ni kweli kwamba chujio hubadilishwa, kwa kawaida kila baada ya miezi sita hadi mwaka mmoja, na mapema zaidi penye vumbi jingi. Kabla ya kununua, uliza kama duka linauza machujio ya mashine hiyo hapa nchini. Tena, sanduku likidai tu kwamba chujio ni "la aina ya HEPA", bila kutaja daraja la ubora kama H13 wala asilimia inayonaswa, lishuku.

Mwezi wa Julai huku kwetu ni baridi kali, nasi huingiza jiko la makaa chumbani kabla ya kulala. Je, kisafisha hewa kitatukinga? (Kaptembwo, Nakuru)

Hakitawakinga. Makaa yanayoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Chujio la HEPA hunasa chembe, na gesi hii si chembe. Kaboni amilifu, yaani makaa yaliyotayarishwa maalumu kwa machujio, ambayo hunasa gesi nyingine nyingi na harufu, haiishiki. Mashine ikifanya kazi usiku kucha inaweza hata kuwadanganya, maana itaondoa moshi unaouona na kuacha kile kinachoua. Jiko litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala, hata kama makaa yamebaki mekundu tu bila moshi. Blanketi la ziada linagharimu kidogo kuliko mashine yoyote iliyotajwa hapa.

Tunaishi karibu na mashamba ya miwa. Yakichomwa kabla ya kuvunwa, masizi hutuangukia hadi mezani, na mjukuu wangu ana pumu. Ninunue mashine ya ukubwa gani? (Mzee, Muhoroni)

Shikamoo, Mzee. Masizi makubwa unayoyaona mezani si hatari kama moshi mwembamba usioonekana. Chembe zenye upana wa mikromita 2.5 kushuka chini ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linapendekeza wastani wa siku usizidi mikrogramu 15 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Ukubwa wa mashine hupimwa kwa kiasi cha hewa safi inachotoa kwa saa, na kwenye sanduku huandikwa kwa herufi CADR. Pima chumba anacholala mtoto. Tuseme ni mita 4 kwa 3, na urefu hadi dari ni mita 2.5: hiyo ni mita 30 za ujazo. Hewa yote inafaa ipite kwenye mashine mara tano kwa saa, kwa hiyo unahitaji mita 150 za ujazo kwa saa. Sanduku likitumia futi za ujazo kwa dakika, gawanya 150 kwa 1.7, utapata takribani 88. Usidanganyike na maneno kwamba mashine inatosha nyumba nzima. Mara nyingi hesabu hiyo huchukulia kwamba hewa inapita mara moja au mbili tu kwa saa.

Hesabu hii huharibika katika nyumba ya mabati isiyo na dari, yenye mwanya kati ya ukuta na paa, kwa sababu moshi huingia kwa kasi kuliko mashine inavyoweza kuuchuja. Hapo ni heri uweke dari ya bei nafuu katika chumba kimoja, uzibe mianya, na mtoto akae humo shamba linapochomwa. Moshi ukishapita, fungua madirisha, kwa kuwa mashine haiondoi hewa nzito ya pumzi za watu. Dawa ya mtoto ya kuvuta iwe karibu siku zote, mashine iwepo au isiwepo.

Nimesoma kwamba mimea ya ndani husafisha hewa. Ni kweli? (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu, imani hiyo ilitokana na majaribio ya shirika la anga la Marekani, NASA, yaliyotolewa mwaka 1989, ambapo mimea iliwekwa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Nyumba haijafungwa hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili kufikia kazi inayofanywa na hewa inayopita dirishani. Panda kwa urembo.

Nilinunua kidude kinachotoa mvuke wenye harufu ya ua, kikauzwa kama kisafisha hewa. Mbona vumbi halipungui? (Section 58, Nakuru)

Kwa sababu hicho huongeza unyevu na manukato tu, hakichuji kitu. Ukikijaza maji ya bomba yenye chumvi nyingi, baadhi ya aina zake hurusha madini hayo hewani yawe vumbi jipya.

Je, dawa ya mbu ya koili ina madhara kama ya moshi wa kuni? Mashine itasaidia? (Nyalenda, Kisumu)

Watafiti waliopima koili mwaka 2003 waligundua kwamba koili moja iliyoungua yote inaweza kutoa chembe ndogo sawa na za sigara 75 hadi 137. Mashine ya HEPA itapunguza chembe hizo, lakini huko ni kununua maradhi na dawa kwa pamoja. Huku kwetu kwenye malaria neti iliyotiwa dawa hufanya kazi bila moshi.

Binamu yangu aliye Marekani ameahidi kunitumia mashine yake. Kuna tatizo? Na italeta bili kubwa ya stima? (Nakuru)

Tatizo ni umeme: kwao ni volti 120, kwetu ni 240. Isome lebo iliyo nyuma ya mashine. Ikiandikwa 120 pekee, utahitaji transfoma ya kupunguza volti, na plagi ya kubadilisha umbo haitoshi; ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Hata ukiwa na transfoma, umeme wetu ni wa hezi 50 na wao ni 60, hivyo mota za aina fulani huzunguka polepole na kupata joto. Mwambie binamu auze hiyo na akutumie fedha.

Kuhusu bili, mashine ya wati 45 ikiwashwa mchana na usiku hutumia takribani uniti moja kwa siku. Gharama itakayokuchoma ni ya machujio, kwa hiyo safisha chujio la nje la wavu kila wiki mbili kwa brashi, lile linalonasa nywele na vumbi nene, wala usilioshe HEPA kwa maji isipokuwa mtengenezaji amesema linaoshwa.