Michungwa inayofifia licha ya mbolea

Ndugu mkulima wa Muheza, umeeleza kwamba michungwa yako inakauka ncha za matawi, majani yanapauka na machungwa yanazidi kuwa madogo, ingawa unatia mbolea kila msimu. Kabla hujanunua mbolea nyingine, fukua kwa upole hadi sentimita 30 hivi chini ya mti, uchukue mizizi myembamba na kuisuuza: ikiwa bado inaonekana michafu, kana kwamba imepakwa tope, shuku minyoo ya mizizi ya michungwa, midogo mno kuonekana kwa macho, kwa kuwa jike huzamisha kichwa ndani ya mzizi, akaacha sehemu ya nyuma nje, na ute anaotagia mayai ndio unaonasa udongo. Uthibitisho, hata hivyo, ni wa maabara. Peleka mizizi pamoja na udongo wenye unyevu katika mfuko uliofungwa, na usiuache juani, kosa ambalo wengi hulifanya. Mti ulioshambuliwa hauponi kabisa, ila samadi iliyooza na matandazo huusaidia kustahimili. Unapojaza mapengo, epuka miche iliyobebeshwa juu ya mlimau, ambao minyoo hii huushambulia kwa urahisi. Ulizia miche iliyobebeshwa juu ya Swingle, aina ya shina la jamii ya michungwa lenye ukinzani dhidi ya minyoo hii, na uoshe jembe kabla ya kuhamia shamba jingine.